Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Anayeitaka Hatua ya Leo Mlimani?

Tangu tuliposema kwamba safu hii itapokea maswali kuhusu kubashiri mbio za baiskeli, barua nyingi zilizotufikia zimehusu siku za milimani, na karibu zote zina manung'uniko yanayofanana: msomaji alimchagua mtu mwenye nguvu, mtu huyo hakushindwa na mpinzani wake yeyote, na bado mkeka ukachanika. Tumechagua barua tano, na tumeyajibu kwa urefu zaidi yale maswali ambayo mengine yote huyategemea.

Ndugu mshauri, katika Tour de France ya mwaka 2025 niliamua kuweka dau kwa Tadej Pogačar katika kila hatua, yaani mbio za siku moja, iliyoishia kileleni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimzidi milimani. Nilianza vizuri katika milima ya Pyrenees, kisha nikapoteza mara nne mfululizo, ilhali yeye aliendelea kuongoza mashindano mpaka akayashinda. Inawezekanaje mwenye nguvu kuliko wote asishinde mlimani, na ni nini nilichopaswa kukiona?

Ndugu msomaji, ulichokiona kuhusu nguvu za Pogačar kilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba ulilijibu swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza. Hatua ya milimani ni mashindano mawili yanayopita katika barabara moja siku moja. Wapo wanaowania ushindi wa siku hiyo, na wapo wanaowania msimamo wa jumla, yaani jumla ya muda wa wiki tatu nzima. Kuna siku mashindano hayo mawili huungana, na mwenye nguvu kuliko wote huvuka mstari akiwa wa kwanza. Kuna siku nyingine huachana mapema asubuhi, na mshindi wa hatua huwa ameshavaa koti la joto kule kileleni wakati vigogo, yaani wanaowania msimamo wa jumla, wakiendelea kushambuliana nyuma yake.

Sababu ya kuachana huko ni gharama. Timu ya Tour ina waendesha baiskeli wanane, na ili kulirudisha kundi lililochomoka asubuhi, yaani wachache waliowatangulia wengine wote, ni lazima wanne au watano kati yao wavute mbele kwa saa kadhaa, wakikinga upepo kwa ajili ya wengine mpaka miguu iishe. Kiongozi wa mashindano hana haja ya kulipa gharama hiyo ikiwa walio mbele wako nyuma yake kwa dakika 20 au 30 katika msimamo, kwa sababu hata wakifika wakiwa wamemwacha kwa dakika 5, jezi ya njano ya kiongozi inabaki mwilini mwake. Ndiyo maana swali la kwanza si nani mwenye nguvu, bali ni timu gani inayoitaka hatua hii kiasi cha kuwachosha wasaidizi wake kwa ajili yake.

Sasa rudi katika mwaka wako wa 2025 ukiwa na swali hilo mkononi. Hautacam, hatua ya 12, ilikuwa siku ya kwanza ya milima mirefu. Tofauti kati ya Pogačar na mpinzani wake mkuu, Jonas Vingegaard, ilikuwa bado ndogo, jezi ya njano ilikuwa kwa Ben Healy, na timu ya Pogačar ilikuwa na kila sababu ya kuvuta. Ilivuta, naye akamwacha Vingegaard kwa zaidi ya dakika 2. Kesho yake huko Peyragudes zilikuwa mbio fupi za kupambana na saa, za takriban kilomita 11, ambamo kila mtu hupanda peke yake. Siku kama hiyo haina kundi la kuchomoka, wala timu ya kuvuta, wala mtu wa kujificha nyuma ya mwenzake, na hivyo swali la kwanza linafutika lote na kubaki lile la nguvu tu. Ushindi wako wa siku hizo mbili ulikuwa wa haki.

Kisha hali ikabadilika, nawe hukubadilika nayo. Superbagnères ilikwenda kwa Thymen Arensman. Kufikia Mont Ventoux, hatua ya 16, Pogačar alikuwa akiongoza kwa zaidi ya dakika 4, na kundi kubwa liliachwa litangulie; Valentin Paret-Peintre akamshinda Healy kwa mbio za mita chache za mwisho, huku nyuma yao Vingegaard akishambulia na Pogačar akijibu kila shambulio bila kuachika. Huko Col de la Loze, Ben O'Connor aliitumia nafasi iliyopatikana bondeni, vigogo walipopunguza mwendo, akaupanda mlima akiwa mbele yao. La Plagne ilikuwa ya namna nyingine kabisa: Arensman alishambulia kutoka katikati ya vigogo wenyewe juu ya mpando wa mwisho, wakubwa wakatazamana kila mmoja akisubiri mwenzake avute, naye akafika akiwa na sekunde 2 tu mkononi. Katika siku zote hizo nne Pogačar hakupoteza chochote cha maana. Alimaliza Tour akimwacha Vingegaard kwa dakika 4 na sekunde 24, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta.

Huenda utaniuliza kuhusu mwaka 2024, ambapo mtu huyo huyo alishinda Pla d'Adet, Plateau de Beille, Isola 2000 na Col de la Couillole. Mwaka ule una somo kubwa zaidi kuliko 2025. Siku ya Plateau de Beille, timu iliyovuta kutwa ilikuwa ya Vingegaard, kwa sababu ndiye aliyekuwa akihitaji kurudisha muda; waliochomoka wakamezwa, Vingegaard akashambulia, Pogačar akamfuata kisha akamwacha katika kilomita za mwisho. Ukitazama kwa makini utaona kwamba hatua ile ilipelekwa mikononi mwa Pogačar na wasaidizi wa mpinzani wake. Isola 2000 nayo ilikuwa nyembamba kuliko watu wanavyokumbuka, maana Matteo Jorgenson alikuwa mbele mpaka zilipobaki chini ya kilomita 2. Mpinzani anapokata tamaa ya nafasi ya kwanza, au anapolinda ya pili, hakuna anayevuta, na mwenye nguvu kuliko wote huweza kukaa kimya siku nzima.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina lolote, chukua msimamo wa jumla na uulize ni nani aliyebakiwa na muda wa kurudisha, ni siku ngapi za milima zimebaki, na je, kesho kuna hatua ngumu zaidi ambayo timu ingependa kuihifadhia miguu. Angalia pia ni nani aliyetumwa mbele. Katika hatua ya 20 ya Giro d'Italia ya 2025, mbio za wiki tatu za Italia, Simon Yates alikuwa nyuma ya kiongozi Isaac del Toro kwa dakika 1 na sekunde 21, na timu yake ikamtanguliza Wout van Aert katika kundi lililochomoka. Yates aliposhambulia juu ya Colle delle Finestre, Del Toro na Richard Carapaz wakabaki wakichungana. Yates akamkuta Van Aert ng'ambo ya mlima, akavutwa, akaivaa jezi ya waridi ya kiongozi wa Giro na kuwa bingwa. Aliyetabiri kwamba Yates ndiye angekuwa shujaa wa siku alitabiri vyema sana. Lakini hatua yenyewe ilishindwa na Chris Harper, aliyekuwa miongoni mwa wale waliotangulia, na aliyeweka dau la mshindi wa hatua kwa Yates alipoteza dau lake siku ambayo Yates alikuwa na fahari kuliko siku zote za maisha yake ya mbio.

Mimi hutazama mchoro wa milima unaotolewa na waandaaji, lakini huona kama meno ya msumeno tu. Nianze kutazama wapi, na ni nini kinachostahili kunishughulisha?

Dada msomaji, anza upande ambao wengi huuruka, yaani kilomita 30 za mwanzo. Ikiwa barabara ni tambarare, wanaochomoka watakuwa watu wa mapaja makubwa wenye uwezo wa kwenda kasi kwenye ardhi iliyonyooka, na wengi wao watakwisha kwenye mlima wa pili. Ikiwa hatua inaanza kwa kupanda, uchomokaji wenyewe unafanywa na wapanda milima wa kweli, na kundi la namna hiyo ni gumu sana kulirudisha, kwa kuwa aliye mbele na anayemfukuza wanafanana kwa uwezo. Mchoro mmoja wenye kilele kile kile cha mwisho unaweza kuwapa waliochomoka nafasi ndogo au kubwa kutegemea kilomita hizo za kwanza tu, na ninaamini hakuna sehemu ya mchoro inayopuuzwa kwa hasara kubwa kuliko hiyo.

Baada ya hapo nenda mwisho na utazame mahali pa mstari. Kileleni, tofauti ya nguvu hubaki kama ilivyopatikana. Mstari ukiwa bondeni, ng'ambo ya mlima, kila kitu hulegea: mwaka 2021 njia ya Tour ilipita Mont Ventoux mara mbili na kumalizia Malaucène, chini ya mlima, Vingegaard alimwacha Pogačar karibu na kilele, lakini katika mteremko akakamatwa na Pogačar pamoja na wenzake wawili, na hatua ikawa ya Van Aert aliyekuwa mbele. Wapo pia wanaoutumia mteremko kama silaha. Chris Froome alishinda Luchon mwaka 2016 kwa kushambulia akishuka Peyresourde, wakati wapinzani wake walikuwa wakimtarajia ashambulie akipanda. Tom Pidcock alishinda Alpe d'Huez mwaka 2022, na nusu ya kazi yake aliifanya kwenye mteremko wa Galibier, alikoshuka kwa ujasiri mkubwa hadi akawafikia waliotangulia. Kumbuka basi kwamba mpanda milima mwepesi asiyejiamini kwenye mteremko hufaa kwa kilele, na hafai kwa bonde.

Kuhusu ukali wa mwinuko, tenganisha aina mbili. Katika mpando wa asilimia 4 au 5 mwendo bado ni mkubwa, hivyo aliyekaa nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi. Vikundi hufika vikiwa vimeshikamana, na mshindi huwa yule mwenye kasi ya mwisho. Mpando unapofika asilimia 8 au 9 na kuendelea kwa zaidi ya kilomita 10, mwendo hushuka, kinga ya upepo hupungua thamani, na kinachobaki ni wati, yaani kipimo cha nguvu, ambazo mtu anaweza kuzitoa kwa kila kilo ya mwili wake. Col du Granon, wenye wastani wa zaidi ya asilimia 9 kwa kilomita 11 na kilele cha mita 2,413, ndiko Pogačar alikoipoteza jezi ya njano kwa Vingegaard mwaka 2022. Urefu kutoka usawa wa bahari nao usipuuzwe, kwa sababu juu ya mita 2,000 hewa ni nyembamba na wapo mabingwa ambao miili yao hailipokei jambo hilo vizuri. Huko Col de la Loze, mita 2,304, Pogačar huyo huyo alipoteza dakika 5 na sekunde 45 kwa Vingegaard mwaka 2023, na hatua ikashindwa na Felix Gall.

Upepo utazame hasa mahali palipo wazi. Ventoux, kutokea Bédoin, ni mpando wa takriban kilomita 21 ambao sehemu yake ya kwanza imefunikwa na msitu, lakini kilomita 6 za mwisho hazina mti hata mmoja. Upepo ukivuma usoni hapo, anayeshambulia peke yake anapata adhabu na anayesubiri nyuma ya gurudumu anapata zawadi.

Naona kampuni inampa mtu ninayemwamini odi ya 1.80 kushinda hatua. Nitajuaje kama bei hiyo ni nzuri au mbaya? Na je, kwa nini marafiki zangu husema kwamba odi za mbio za baiskeli ni mbaya kuliko za mpira?

Odi ni bei, na bei haiwezi kuitwa nzuri wala mbaya mpaka ujue thamani ya kitu chenyewe. Ukigawa 100 kwa odi unapata asilimia ambayo kampuni inadai kuuza. 100 kwa 1.80 ni karibu asilimia 55.6. Maana yake, ili ubashiri huo usikutie hasara, ni lazima mtu wako ashinde hatua za namna hii zaidi ya mara 55 katika kila mara 100.

Sasa fanya hesabu yako mwenyewe, tena ifanye kwa vipande viwili, kama tulivyosema katika jibu la kwanza. Tuseme umetazama msimamo, mchoro na wiki ilivyokwenda, ukaona kwamba nafasi ya vigogo kuwakamata waliochomoka ni asilimia 55. Kisha ukasema kwamba wakikamatwa, mtu wako atawashinda vigogo wenzake mara 60 katika 100, na huo ni utabiri wa kumheshimu sana. Zidisha 0.55 kwa 0.60 upate 0.33. Nafasi yake halisi ni asilimia 33, na bei ya haki ingekuwa odi ya takriban 3.03. Ukinunua kwa 1.80 kitu ambacho thamani yake ni 3.03, basi kwa kila dau la 100 unatarajia kurudishiwa wastani wa 59.4 tu. Ona kwamba humdharau mtu wako popote katika hesabu hiyo. Umemwona kuwa bora kuliko wote, na bado ubashiri ni mbaya. Mimi huona kwamba hili ndilo kosa ghali kuliko yote katika hatua za milimani: watu hukadiria kipande cha pili kwa uangalifu mkubwa na kukiruka kipande cha kwanza kabisa.

Marafiki zako wana hoja. Katika mpira kuna matokeo matatu. Katika Tour ya 2025 wanaume 184 walianza. Kampuni huwawekea odi wote, na ukijumlisha asilimia za odi zote utapata kiasi kinachozidi 100 kwa mbali, na ziada hiyo ndiyo faida yake. Fikiria waendesha baiskeli 100 waliopewa odi ya 201 kila mmoja. Kila odi inadai karibu nusu ya asilimia moja, kwa hiyo wote pamoja wanadai karibu asilimia 50. Lakini miongoni mwao wamejaa watu wa kasi ya tambarare na wasaidizi waliochoka, ambao siku hiyo lengo lao ni kufika ndani ya muda unaoruhusiwa ili wasiondolewe mashindanoni. Nafasi yao halisi kwa pamoja ni ndogo mno ikilinganishwa na hiyo 50. Odi ya 201 huonekana kama ukarimu, lakini mara nyingi ndiyo bei mbaya kuliko zote kwenye ukurasa.

Soko ambalo mimi huliona lina uadilifu zaidi ni lile la ana kwa ana, ambapo unaambiwa uchague kati ya wawili ni nani atakayemaliza mbele ya mwenzake. Hapo swali la waliochomoka halikusumbui sana ukichagua jozi ya vigogo wawili wanaowania nafasi jirani katika msimamo, kwa kuwa kila sekunde ina thamani kwao mpaka kwenye mstari. Lakini jihadhari na jozi yenye msaidizi ndani yake. Msaidizi bora wa milimani anaweza kuwa na nguvu za kumaliza katika kumi bora, kisha akavuta kwa kilomita 6 kwa ajili ya kiongozi wake, akamaliza kazi, akaachia na kupanda taratibu kama mtu aliyetoka shambani jioni. Atafika dakika 10 nyuma akiwa ameifanya kazi yake vizuri kabisa, nawe utakuwa umepoteza.

Neno moja kuhusu kubashiri mubashara wakati hatua ikiendelea: picha ya televisheni huchelewa, na aliye upande wa pili mara nyingi ameshajua kwamba mtu wako ameachika kabla wewe hujaona. Kwa siku ya milimani, ambayo hubadilika ndani ya mita 200, mimi simshauri mtu yeyote kufanya hivyo.

Ndugu mshauri, huunganisha jozi nne au tano za ana kwa ana katika mkeka mmoja ili odi ikue. Msimu huu nimepoteza kiasi ambacho sikuwaambia nyumbani, zikiwemo fedha za kodi. Nimebakiwa na hatua mbili za milima ambazo nazielewa vizuri. Je, niziweke vipi ili nirudishe?

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika ukweli wote, na jibu langu ni kwamba usiziweke kabisa.

Nitakuonyesha hesabu kwanza, kwa sababu naona wewe ni mtu wa kufikiri. Jozi ya watu wanaolingana hupewa odi ya 1.85 kila upande, na ukiweka 100 unatarajia kurudishiwa wastani wa 92.5. Ukiunganisha jozi nne, odi inakuwa takriban 11.7, lakini nafasi ya zote nne kutimia ni 1 katika 16, na wastani wa unachorudishiwa unashuka hadi 73. Kila jozi unayoiongeza inaikatia kampuni kipande kingine cha dau lako. Kwa hiyo kupoteza kwako kulikuwa ndani ya chombo chenyewe ulichokichagua, na kuielewa milima vizuri zaidi kusingekuokoa.

Lakini hata kama hesabu ingekuwa nzuri, bado ningekuambia vivyo hivyo. Hatua mbili zilizobaki hazijui kwamba unadaiwa kodi. Mtu anayebashiri ili arudishe alichopoteza huongeza dau pale ambapo angepaswa kulipunguza, na huona uhakika mahali ambapo jana angeona shaka. Leo hii, kabla ya hatua inayofuata, iandikie kampuni uliyojisajili ukiomba akaunti yako ifungwe kwa muda mrefu usioweza kuufupisha mwenyewe. Kampuni nyingi zilizosajiliwa zina utaratibu huo na zinapaswa kuufuata. Kisha mweleze mmoja wa nyumbani kiasi kamili, si nusu yake, na mkubaliane naye nani atakayeshika fedha za kodi kwa miezi inayokuja. Zungumza na mwenye nyumba mapema, kabla hajakutafuta yeye. Ikiwa usingizi umepotea au unajiona umefika mwisho, nenda ukamwone mhudumu wa afya na umwambie habari hii kama ulivyoniambia mimi, kwa kuwa hali hii inajulikana na ina tiba. Hatua hizo mbili zitazame kwa macho tu, ukiweza kuzitazama bila kuumia. Usipoweza, ziache zipite.

Swali langu ni fupi. Hatua ikikatizwa kwa mvua au mshindi akifutwa baadaye, dau langu linakwenda wapi?

Jibu linategemea kanuni za kampuni yako, na ni lazima uzisome kabla ya kuweka dau, lakini nitakupa matukio manne ya kuzipimia.

Mwaka 2016, siku ya tarehe 14 Julai, upepo wa Ventoux ulikuwa mkali hata mstari ukashushwa kutoka kileleni hadi Chalet Reynard. Thomas De Gendt alishinda, na ushindi wake ni kamili kama mwingine wowote. Mwaka 2025 hatua ya La Plagne ilipunguzwa kutoka kilomita 129.9 hadi 93.1 kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe uliozuka katika eneo la Col des Saisies. Katika hali kama hizo mshindi rasmi yupo, na dau la mshindi wa hatua kwa kawaida huhesabiwa. Lakini jiulize kama bado unaitaka bei uliyoichukua jana yake: kuondolewa kwa mlima mmoja kunabadilisha wanaochomoka, kunabadilisha uchovu wa vigogo, na odi ya zamani inakuwa ya hatua ambayo haipo tena.

Mwaka 2019 ni tofauti. Tarehe 26 Julai mvua ya mawe na maporomoko ya udongo yalifunga barabara ya kwenda Tignes wakati Egan Bernal alikuwa ameshavuka Col de l'Iseran na kuanza kushuka. Waandaaji walichukua muda wa kila mtu juu ya Iseran, Bernal akaivaa jezi ya njano, lakini hapakuwa na mshindi wa hatua. Hapo ndipo kanuni zinapotofautiana, na mara nyingi dau la mshindi hurudishwa kwa kuwa hakuna aliyetangazwa, huku dau za msimamo wa jumla zikiendelea kama kawaida.

Kuhusu kufutwa, kumbuka Floyd Landis, aliyeshinda peke yake huko Morzine mwaka 2006 kisha akakutwa na dawa zilizokatazwa. Tour ikapewa Óscar Pereiro na hatua ile ikapewa Carlos Sastre, baada ya muda mrefu. Kampuni nyingi hulipa kwa kufuata matokeo ya jukwaani, yaani yale yaliyotangazwa siku ile ile, na mabadiliko ya baadaye hayarudishi wala hayachukui chochote. Tafuta katika kanuni neno linalohusu jukwaa, na ukikuta kampuni haisemi lolote juu yake, waandikie uwaulize na uhifadhi jibu lao kabla ya siku ya hatua.